Ziwa Lile Pale

Mume wangu alimwamkia mtoto wa shule. Ilikuwa siku ya gulio pale Maguu, binti mdogo amekuja kununua mche wa sabuni, mdogo wake mgongoni na khanga ya mama yake kichwani kwa sababu ya baridi. Mume wangu akainuka kidogo kwenye kigoda chake, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, mama." Gulio zima likaangua kicheko. Mzee huyu naye kwa utani, wakasema, na yule binti akajiziba uso kwa aibu. Mimi nilikuwa nyuma yake napima chumvi. Nilimwona mume wangu akisita, akageuza shingo kufuata kicheko kinakotoka, kisha naye akacheka. Alicheka kwa kuchelewa. Hapo nikajua kwamba hakuwa ametania.

Nieleze kwanza tulivyofika kuuza sabuni Maguu katika umri ule. Miaka ya ruksa, bidhaa ziliporudi baada ya zile foleni za kugombea kipande cha sabuni, kila mwenye chumba cha mbele pale Mbinga mjini alifungua duka. Letu lilikuwa la zamani. Baba mkwe ndiye aliyelianzisha, alipopanda kutoka Kilwa na majora ya kaniki. Lakini ukongwe hauuzi biskuti. Watoto walikuwa wameshaondoka, wengine Songea, mmoja Dar es Salaam, na nyumba ilikuwa kimya hata nikawa naongea na kuku. Basi siku moja mume wangu akarudi na landrova ya bodi ndefu iliyokuwa imelala miaka nyuma ya gereji. Akasema duka tutalihamishia humo, tutazunguka magulio.

"Na sisi tutalala wapi?" nikamuuliza.

"Humo humo, mama watoto."

Nikamwambia wenzetu wa umri huu wanakaa barazani wanapunga upepo. Akasema baraza haikimbii.

Seremala alipiga rafu upande mmoja, upande wa pili akaweka benchi pana la kulalia, chini yake nafasi ya madebe na viroba. Nikashona pazia. Watu wakaliita gari letu Kobe, kwa kuwa linatembea na nyumba yake, na kwa mwendo pia, nisifiche. Nilinuna safari ya kwanza yote. Safari ya pili nikaanza kulipenda, na baadaye nikalipenda kuliko nyumba. Nasema kweli, sijapata kuwa na furaha kama ile ya kuswali alfajiri kwenye mkeka kando ya gurudumu, kule Mpepai, umande bado uko kwenye majani, kisha kuchemsha chai ya tangawizi na kufungua milango ya nyuma kwa wateja. Nyumbani nilikuwa mke wa mwenye duka. Kwenye Kobe nilikuwa nusu ya kazi. Yeye anaendesha, mimi nauza, na kwenye milima mimi ndiye niliyekuwa nikiruka chini na kabari kuzuia gurudumu lisirudi nyuma. Bibi mzima, na ushungi wangu. Vijana walikuwa wananishangilia.

Mzunguko wetu ulikuwa Mpepai, Maguu, kisha kushuka ziwani mpaka Ngumbo. Kwenda tunapeleka chumvi, sabuni, betri, viberiti na khanga. Kurudi tunapandisha usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao watu wa milimani wanawasubiri kwa hamu.

Macho yake yalianza kuharibika pembeni. Mwanzoni niliona tu kwamba anapishana na kuku kwa bahati. Nikaanza kumsaidia bila kuombwa: mbuzi kushoto, baiskeli inakuja, ubao wa daraja umeng'oka. Naye ananijibu, "Nimeona." Siku zikaenda, akawa anasema "nimeona" kabla sijamaliza kutaja kitu chenyewe. Tulikwenda hospitali, mganga wa macho akamwangalia sana, akasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kufa ndani ya jicho hakirudi. Akampa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Mume wangu akashukuru, akaitia ile chupa mfukoni, na tulipofika nje akaniuliza kama tumenunua viberiti vya kutosha.

Basi baada ya kile kicheko cha Maguu, nilimngoja tuingie kwenye gari, nikamwambia, "Umemwamkia mtoto mdogo." Aliendesha mpaka kwenye ile kona ambapo mlima unaisha na njia inaanza kuteremka kwenda ziwani. Pale husimama kila mara, breki zipoe kabla ya mteremko, na pale ndipo ziwa lote linaonekana, mpaka milima ya Malawi ng'ambo. Akazima injini.

"Sikiliza," akasema. "Siku nitakayosimama hapa nisilione ziwa, nakupa ufunguo. Hutaniomba. Nitakupa mwenyewe."

Nikakubali. Mume wangu hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Katika maisha yake ya biashara hakuwahi kuchezea mizani, na watu waliomjua walimwachia mizigo yao bila hata kuihesabu. Nilijiona nimepata bima.

Toka siku hiyo, kila tukifika kwenye kona anasimama, ananyoosha kidole na kusema, "Ziwa lile pale." Safari za mwanzo alikuwa na maelezo. Kuna moshi upande wa Ngumbo, wanachoma mashamba. Kuna mvua kule Malawi. Mitumbwi mingi leo. Kisha mitumbwi ikapotea katika maneno yake. Ukafuata moshi, kisha mvua, mwishowe ikabaki lile pale tu. Kidole kilielekea mahali sahihi, lakini ziwa halihami, na kidole chake kilikuwa kimeshazoea. Nilikuwa nakiangalia kidole hicho, si ziwa. Nilitaka aone. Nilitaka pia asione, tumalize, turudi nyumbani tukiwa wazima. Mtu anaweza kutaka yote mawili, na yote mawili yakamkosesha usingizi.

Asubuhi ninayoikumbuka zaidi kuliko zote ilikuwa ya kiangazi. Kule juu jua lilikuwa linawaka vizuri, lakini chini yetu bonde zima lilikuwa limefunikwa na ukungu. Hapakuwa na ziwa, wala Malawi, wala vijiji. Ukungu mweupe tu, umetandazwa toka miguuni mwetu mpaka mwisho wa macho. Mume wangu akazima injini. Akanyoosha kidole.

"Ziwa lile pale," akasema. "Limetulia leo."

Mpaka leo sijui kama alinidanganya, au aliuona weupe ule akadhani ni maji. Nimewaza sana lipi ni baya zaidi, na sijapata jibu.

"Nipe ufunguo," nikamwambia.

"Wa nini?"

"Chini kote ni ukungu. Ziwa halionekani. Hata mimi silioni."

"Basi wewe ndiye huoni," akasema, na akacheka, akawasha gari, akaachia breki. Tulikuwa tumeshaanza kuteremka. Njia ile upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni hewa, si mahali pa kugombania usukani. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto, lakini mdomo niliuhitaji kwa kazi nyingine. Kulia. Jiwe. Polepole. Kata sasa. Kata zaidi. Kwa mara ya kwanza hakunijibu "nimeona." Alikuwa anafuata tu, kila neno kama lilivyo. Mteremko ule wote niliuendesha mimi kwa mdomo, na yeye alijua.

Tulipofika chini ukungu ulikuwa umeshaisha na jua linachoma. Njia ya kuingia Ngumbo ni tambarare, mchanga mtupu, na sisi tulikuwa tumeipita mara nyingi. Mume wangu akavuta pumzi, akanyoosha mgongo.

"Hapa sasa nyamaza," akasema. "Hapa nimefika kwangu."

Wanawake wa huko huanika usipa kandokando ya njia, juu ya mchanga, mpaka karibu kabisa na alama za matairi. Huacha mtoto mmoja na fimbo ya kufukuza kunguru, na jua likizidi mtoto hujifunika khanga gubigubi, akalala hapo hapo pembeni ya samaki. Nilikuwa nimeshawaona hivyo mara nyingi. Na sasa niliiona khanga, nyekundu, imetuna juu ya mchanga, mbele ya gurudumu la upande wangu.

"Simama," nikapiga kelele.

"Nimeona," akasema.

Na akaenda. Kobe likapanda kitu, likashuka, likasimama.

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Nakumbuka nimepiga magoti kwenye mchanga, na khanga iko chini ya tairi, upande mmoja umechomoza. Niliuvuta. Chini yake palikuwa na usipa waliopondwapondwa, na ile fimbo, imevunjika. Nikapekua zaidi. Usipa tu. Nilipoinua kichwa nikamwona mtoto. Alikuwa kule majini, amesimama na kikombe mkononi, maji yanamdondoka kidevuni, anatutazama. Alikuwa amekwenda kunywa maji.

Mume wangu akaita kutoka kwenye usukani, "Nimekanyaga nini?"

"Khanga ya mtoto," nikamjibu.

"Na mtoto?"

Sikujibu.

Akauliza tena, na tena nikanyamaza. Nikasikia mlango wake unafunguliwa. Alizunguka gari kwa kulipapasa, bodi, taa, bampa, akafika upande wangu, akaanguka magoti. Akaingiza mikono chini ya tairi. Alipapasa kule chini mpaka viwiko, akivuta khanga, akichota, akitoa viganja vimejaa samaki waliopondeka, unyevunyevu, na hajui ameshika nini. Alikuwa anamtaja Mungu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika maisha yetu yote. Nikamwacha apapase.

Kisha nikamwambia, "Mtoto yuko majini. Mzima. Hao ni usipa."

Binti yangu nilipomsimulia hayo aliniambia, mama una roho ngumu. Ninayo. Lakini mume wangu asingegusa kwa mikono yake mwenyewe, angeniambia ameona, na safari iliyofuata tungekuwa njiani tena, na siku hiyo mtoto asingekuwa na kiu. Sijuti.

Alikaa pale mchangani, mgongo kwenye gurudumu, mikono ameining'iniza mbele yake kama si yake. Mama wa mtoto alikuja mbio, akamkamata mwanawe, akamkung'uta mwili mzima kama anayetafuta mahali palipovunjika. Hakututukana, na nilitamani atutukane. Tulimpa sabuni na khanga mpya. Ile nyekundu aliichukua vilevile, na alama ya tairi, akaikunja.

"Ufunguo uko garini," mume wangu akasema. Hakunitazama, na hata angenitazama ingekuwa kitu kimoja.

Dereva wa lori la parokia alitufanyia hisani ya kuliendesha Kobe na kutupandisha mpaka Mbinga. Mume wangu alikaa nyuma kwenye benchi la kulalia, pazia limefungwa. Kwenye kona ya juu dereva akasimama injini ipoe. Hewa ilikuwa safi kabisa.

"Mzee," dereva akaita, "shuka uone ziwa leo, mpaka nyumba za ng'ambo zinaonekana."

Pazia halikusogea. Tukangoja, tukaondoka.

Kobe lilinunuliwa na mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa kahawa waliokuwa wameanza kujaa kule juu. Akang'oa rafu, akang'oa na benchi letu, akalijaza magunia. Likipita mbele ya nyumba, mume wangu aliyekuwa barazani alikuwa anageuza uso kufuata mngurumo wake mpaka unapotelea kwenye kona. Mimi nilirudi kuuza dukani. Watu walimpita wakimwamkia, naye alikuwa anaitikia marahaba kwa sauti kubwa kupita kiasi. Wakati mwingine aliitikia na hakuna aliyepita.

Ikaja siku moja, jioni jioni, natoka sokoni na kikapu. Mafua yalikuwa yamenibana, nikapanda ngazi za baraza bila kusema kitu, nikifikiria tu kuutua mzigo. Mume wangu alisikia hatua. Akakunja miguu kunipisha, akajiinua kidogo kwenye kiti, kama walivyomlea kwao Kilwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilisimama mbele yake. Nilingoja acheke, na nilimngoja kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umeinuliwa kwangu, wenye adabu tupu, unasubiri kuitikiwa na mtu mzima asiyemfahamu.

"Marahaba," nikaitikia, na sauti nikaibana isiwe yangu, nikapita ndani.

Nikiwa natua kikapu jikoni nikamsikia anaita kutoka barazani, taratibu, ili mgeni asione vibaya. "Mama watoto. Kuna mama wa watu ameingia humo, njoo umpokee."

"Nimeona," nikamjibu.