Ramani ya Ivonete

Hapa mjini Criciúma karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha vigae au machimbo ya makaa ya mawe. Kwa hiyo Ivonete Zanatta alipochagua vigae vya kaure kwa mradi wake wa mwisho chuoni, hatukushangaa. Tulishangaa aliposema anataka kuvitoboa.

Nilikuwa nikiishi naye chumba kimoja. Alitaka kutengeneza ramani ya mtaa wetu kwa ajili ya wasioona, ibandikwe kwenye ukuta wa nje wa kanisa, barabara zikiwa mistari ya matundu ya kufuata kwa kidole. Mbao ingeoza kwa mvua zetu, alisema; kaure ingedumu.

Jirani yetu Valmor, mchimbaji wa zamani aliyepofushwa na mlipuko, alikubali kuijaribu. Alipitisha kidole kwenye kigae cha kwanza, akakiondoa haraka. Damu.

"Wewe binti, hii ni ramani au imetafunwa na panya?"

"Nisamehe, mzee wangu."

"Nikusamehe nini? Makaa yamenila macho, nitaogopa kigae? Ila hapo hapapitiki. Nenda kalainishe."

Mimi ningebadilisha mradi. Ivonete alikusanya vigae alivyoviharibu, akavigeuza mezani kimoja kimoja, akaona vilimeguka zaidi upande wa chini, pale alipokuwa akisukuma kwa nguvu ili amalize. Akaanza upya. Kwenye keekee yake ya betri alizima kitufe kinachoifanya igonge kama nyundo, akafunga biti ya kutobolea ya almasi yenye umbo la bomba dogo, akalaza kigae juu ya ubao ulionyooka. Aliinamisha keekee kwanza, biti ichore kialama chembamba kama mwezi mwandamo isije ikateleza, kisha akaisimamisha taratibu. Biti ilipokaribia kutokeza upande wa pili alilegeza mkono, kama anayemlaza mtoto mchanga. Kazi yangu ilikuwa kuimiminia biti maji isiungue.

"Maji, Rosane! Umelala?"

"Nimelowa mpaka chupi, na bado unataka maji!"

Matundu yalianza kutoka safi, mviringo kamili. Halafu kigae cha uwanja wa kanisa, kikubwa kuliko vyote, kikapasuka kutoka tundu la ukingoni hadi katikati kikiwa karibu kuisha. Ivonete alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

"Kigundishe tu," nikamwambia. "Nani ataona?"

"Valmor ataona."

Akanawa uso, akanywa chai yake ya majani ya mate, akiongeza maji ya moto hadi majani yakapauka, akachukua kigae kipya. Safari hii aliyasogeza matundu mbali na ukingo.

Ramani ilipobandikwa, Valmor aliisoma polepole, midomo ikicheza. Ghafla kidole kikasimama.

"Hii njia nyuma ya duka la mikate inatokea kwa dada yangu Lurdes?"

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe! Na wanangu wananizungusha mlima mzima!"

Walimu walimpa Ivonete alama za juu, nasi tulizijua kwa kumbana kwa maswali. Alichokuja kutusimulia mwenyewe, huku akicheka na kufuta machozi, ni asubuhi ile Valmor alipotoka peke yake na fimbo, akapita nyuma ya duka la mikate, akagonga mlango wa dada yake.

"Valmor! Nani amekuleta?" Lurdes akauliza, akichungulia barabarani.

"Nimejileta. Kahawa iko?"