Betri ya Mama Anne

Jina lake la ubatizo ni Emérita, lakini sisi tunamwita Mama Anne. Alizaliwa Muheto, mlimani, na hadi leo hajui kuogelea. Vita vilipomtoa kwenye maharagwe yake alishukia ghuba ya Kabuno, kwenye ziwa Kivu, akajifunza kutega nyavu. Bega lake la kulia ni bovu, kasia lilimshinda, ndipo akauza mbuzi wawili akaenda Goma kutafuta mota ya umeme ya kusukuma mtumbwi.

Mimi Uwamwezi, jirani yake, nilimsindikiza. Muuzaji alitusukumia mota kubwa na betri ya gari.

"Betri ya gari iko ya kuwasha tu, Papa," Mama Anne akamwambia. "Miye nataka yenye kuvumilia."

Tukarudi na mota ndogo, paneli ya jua na betri ya sola, nzito ajabu. Kila akitoka ziwani alifungua elisi, lile panga la mota linalozunguka majini, akatoa nyuzi za nyavu zilizojisokota ndani, akafuta vichwa vya betri na kuvipaka mafuta. Wanaume waliomcheka mwanzoni wakaanza kuja kumuuliza maswali.

Kitu kimoja tu kilimshinda: kumkatalia mtu. Kwetu milimani jirani akija na kigae kuomba kaa la moto, humnyimi, maana moto haupungui kwa kugawiwa. Mama Anne akaichukulia betri kama jiko lake. Zikaja simu mbili kuchajiwa, kisha saba, kisha kumi. Nilimwambia, "Mama Anne, utakuja kulia." Halafu nachomeka yangu. Ndivyo nilivyo.

Alfajiri moja binti yake, Anne, alishikwa na uchungu wa uzazi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga akasema afikishwe hospitali ya Sake haraka, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Barabara ilikuwa imefungwa tangu juzi kwa sababu ya risasi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, paneli haikuona jua, na simu za watu hazikuacha kuja. Tukamlaza Anne kwenye mtumbwi, nikampakata kichwa.

Katikati ya ghuba mota ikaanza kulegea. Mama Anne akadhani ni nyuzi, akaiinua haraka. Elisi ilikuwa safi. Akanitazama, nami nikaangalia maji.

"Shika kasia," akasema.

Akairudisha mota kwenye mwendo wa kwanza, ili kile kidogo kilichobaki kwenye betri kitusogeze. Upepo ulikuwa wa mbele. Mimi ni mtu wa mihogo. Nilipiga maji ovyo, pua ya mtumbwi ikawa inakwenda kando. Anne alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikoniogopesha. Nilikuwa na hasira. Niliukasirikia upepo, nikamkasirikia jirani yetu Muhawenimana na simu zake mbili za kuchaji, nikamkasirikia hata Mama Anne kwa huruma yake.

Mota ilizima tukiwa tunawaona kabisa wanawake wanaofua ufukweni. Mama Anne aliinama akapiga maji kwa mikono, bega bovu na zima, huku akimwita mwanawe, "Anne, mama, usilale. Usilale, mama."

Hospitalini walimwokoa Anne. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia.

Muuguzi alitoka, akatuuliza bila ukali, "Mulichelewa juu ya nini?"

Nilifungua mdomo kusema upepo.

"Njo miye mwenye makosa," Mama Anne akasema. "Betri ilikuwa yangu. Nilishindwa kukatalia watu."

Hakumtaja mtu yeyote. Aliomba tu mmoja wetu ampigie Hubert, mume wa Anne, aliyekuwa machimboni Walikale akingoja habari. Muuguzi akatafuta simu yake, ikawa imezima. Nikafungua fundo la kitenge, nikatoa yangu. Ilikuwa imejaa chaji. Hubert aliitika mara moja, na sauti yake ilikuwa ya furaha.