Ufunguo wa gari la tajiri ulivyobaki kaburini Kwaluguru

Wakuu, habari za humu.

Nachapa kwa kidole kimoja, umri umekwenda, kwa hiyo msinikimbize. Hili lilinipata mwenyewe na chumvi sikutia.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dereva wa Bwana Ratilal, Mhindi mwenye duka la vitambaa Korogwe. Alikuwa na pikapu, Morris kuukuu, na aliipenda kuliko duka. Hakuna dereva aliyewahi kuruhusiwa kulala nayo nje ya mji.

Mjomba wangu akafariki Kwaluguru, kule Handeni. Nikaenda kuomba ruhusa ya kuzika. Tajiri akaitazama pikapu yake, kisha akanipa ufunguo.

"Chukua na ndugu zako. Kesho asubuhi gari liwe hapa. Lisipofika, usirudi, na hakuna dereva atakayepewa tena."

Tukazika. Mimi nilikuwa mmoja wa walioingia kaburini kumpokea marehemu. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati.

Tuliporudi nyumbani nikapapasa mfuko, hamna kitu. Tukatafuta njia nzima, mpaka binamu yangu Athumani akanivuta pembeni.

"Kaka, ulipoinama mle ndani niliona kitu kimemeta kikaanguka. Nikaona haya kusema, watu wamo kwenye dua."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini ningekuwa mimi pale juu, nami ningenyamaza.

Akatokea mmoja kusema tufukue kidogo tu. Shehe akamtazama.

"Umfukue maiti kwa ajili ya motokaa?"

Mjadala ukaishia hapo.

Najua mtasema si ungeunganisha nyaya. Ningeweza. Ila tajiri angeona gari lake limerudi na nyaya zilizokatwa, na ile imani ningekuwa nimeivunja hata kama nimewahi kufika.

Nikakaa uani nimeshika tama. Mke wa mjomba alikuwa ndani, ameshaanza eda. Akaniita, nikasimama nje ya pazia la mlango. Ukatoka mkono, umeshika kiufunguo cha shaba, bapa, cha kufuli la sanduku la marehemu.

"Mjomba'ko kaenda na wako," akasema. "Wewe chukua wake."

"Na sanduku, mama?"

"Nimeshalifungua. Nitalifunga kwa kamba ya katani."

Wakuu, machozi niliyoyazuia makaburini yalinitoka pale mlangoni.

Ufunguo ukaingia kwenye swichi, ila ukagoma kuzunguka. Nikakumbuka karakana ya shamba la mkonge Mazinde, nilikoanzia kazi. Fundi wetu alikuwa anaupaka ufunguo masizi ya koroboi, anauingiza, anajaribu kuuzungusha, anautoa. Masizi yalipokwaruzika, hapo ndipo pa kupiga tupa.

Mhunzi wa pale kijijini akaniazima tupa yake ndogo. Masizi, swichi, tupa. Masizi, swichi, tupa. Kuna wakati nilidhani nimeukwangua kupita kiasi na sina mwingine wa kuharibu. Jua lilikuwa linazama ulipozunguka. Nikavuta stata, Morris ikakohoa, ikawaka. Watu wakasahau kuwa wako msibani, wakapiga makofi, na shehe nikamwona anatabasamu.

Raha niliyoisikia siku ile sijaipata tena, hata nilipooa. Bahati nzuri mke wangu hayumo humu.

Asubuhi gari likawa mbele ya duka. Bwana Ratilal akaugeuzageuza ufunguo.

"Huu si wangu."

Nikamweleza yote, kaburi na sanduku. Akatoka, akaliwasha mwenyewe, akalizima, akanirudishia ufunguo. Tangu hapo, kila dereva wake aliyefiwa alipewa gari.

Miaka ikapita, pikapu ikafa kabisa. Nikauomba ule ufunguo, nikampelekea mke wa mjomba. Akaujaribu kwenye kufuli lake, wapi. Akacheka mpaka akafuta macho, akanirudishia kiganjani.

"Kaa nao, mwanangu. Mjomba'ko naye anao wake."

Nilichojifunza: ufunguo wa gari ufunge kamba, na ukiona kitu cha mwenzio kimedondoka, sema, hata kama watu wamo kwenye dua.

Wangu uko hapa mezani ninapochapa. Nani mwingine humu amewahi kujichongea ufunguo? Tupeni yenu. Ila atakayesema tungefukua, aanze kusoma upya kutoka juu.