Harusi Nzima Ndani ya DVD Moja

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, na nikiikumbuka damu bado inanichemka. Jana uliniletea kompyuta yako hapa Thika, na video ya ruracio, sherehe ya mahari, yenye urefu wa saa sita, ukaniuliza ubonyeze wapi ili yote iingie kwenye DVD moja. Nikakujibu haiingii. Ukaniuliza tena! Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako bado changa, basi keti.

Enzi hizo nilikuwa msichana wa studio, kazi yangu kuhariri video za harusi. Tulikuwa tumerekodi harusi ya Wanjiru kule Ruiru. Baba yake, mzee wa Ngoliba, hakuhudhuria. Alikuwa mgonjwa kitandani, na sote tulijua hatainuka. Aliomba kitu kimoja tu, amwone kitindamimba wake akiingia kanisani.

Lakini huku kwetu hakuna harusi bila kamati, wala kamati bila mwenyekiti. Huyu alikuwa Karanja, mjomba wa bibi harusi. Jumatatu hiyo alisimama nyuma ya kiti changu akitaja waliohutubia: watu wa kanisa, watu wa chama, majirani, shangazi wa Juja, na yeye mwenyewe mara mbili. Hakuna wa kukatwa, maana atakayekatwa atanuna mpaka harusi ijayo. Na DVD iwe moja kwa sababu, ati, harusi ni moja.

"Anko, haitatoka poa," nilimwambia. "DVD ni ya saa moja, mbili ukibana. Ukiweka hizi saa tano zenu, picha inakufa."

"Si ufinye tu? Kwani hiyo kompyuta ni ya nini?"

Nikamweleza tena. Akamwita mwenye studio, mwenye studio akaniamuru nifinye, nikafinya.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo mnapolala. Kufinya ni kupunguza data inayopewa kila sekunde ya picha. Mtu aliyesimama tuli na maikrofoni hahitaji nyingi, kwa kuwa hakuna kinachobadilika. Lakini watu wakicheza, kila kitu kinabadilika kwa pamoja, na data ikiwa haba picha inavunjika vipande vya mraba. Na bibi harusi wetu haingii kanisani kwa kutembea tu. Anaingizwa kwa nyimbo na ngemi, vigelegele vyetu, akina mama wamemzunguka, leso zinapepea kila upande.

Tulipeleka diski Ngoliba, Karanja na mimi. Mzee akainuliwa, akaegemezwa mto. Wanjiru alipotokea mlangoni mwa kanisa, skrini ikajaa miraba myeupe inayorukaruka.

"Huyu ni nani?" mzee akauliza.

"Ni Wanjiru, Guka," nikamjibu kama babu yangu.

"Wapi?"

Karanja, badala ya kuona haya, akaipeleka video mbele hadi kwenye hotuba yake ili athibitishe kwamba mashine haina shida. Na kweli, hata vifungo vya shati ungevihesabu.

"Karanja," mzee akasema, "wewe nakuona hapa kila siku. Ni wewe nilitaka kuona? Umepikia kijiji kizima, mgonjwa ukamletea sufuria tupu." Kisha akageukia ukuta.

Nililia kwa hasira njia nzima. Bahati nzuri kanda za kamera zilikuwa bado hazijarekodiwa kitu kingine. Nilirudi studioni nikakata hotuba zote, za Karanja zikiwa za kwanza. Nikabakisha kanisa peke yake, nikaipa sehemu hiyo data yote ambayo diski ingebeba. Mwenye studio alifoka, nami nikafoka. Karanja hajanisalimia hadi leo, na sijapungukiwa na kitu.

Niliporudi Ngoliba nilikwenda peke yangu. Safari hii Wanjiru alionekana hadi machozi kwenye kope. Mlangoni mwa kanisa, katikati ya ngemi, alisimama akageuka kutazama barabarani, na midomo yake ikasema, "Baba."

"Rudisha," mzee akaniambia. Nikarudisha.

"Ameniita," akasema. Akaunyosha mkono kuelekea skrini. "Niko hapa, mami, binti yangu. Ingia tu." Hakuiona Krismasi ya mwaka ule.

Basi nisikie, mwanangu, nisirudie tena. Kabla hujabonyeza chochote, uliza ni nani atakayetazama, na anatamani kumwona nani. Huyo mpe data yote. Hotuba zipe diski yake, au zikate, na wanune. Mtaka yote hukosa yote. Na ukishachoma diski, ijaribu kwenye mashine ya kawaida ya sebuleni kabla haijatoka mlangoni kwako, si kwenye hiyo kompyuta inayokudanganya kila siku.

Haya, nenda. Mungu akupe subira ambayo mimi alininyima, akujalie mkono usioogopa kukata, na kila mzazi atakayewekewa kazi yako amwone mtoto wake.