Mpiga Harmonika Aliyefunga Madirisha

Lambert Kazadi ana kifua kikuu, na amewaambukiza wawili kati ya wenzake wanne wa bendi. Leo anasubiri kujua kama mtoto wa mwimbaji wake naye ana ugonjwa huo.

Saa mbili asubuhi yuko kwenye benchi la kliniki moja ya mtaa wa Hillbrow. Hii ni wiki yake ya saba ya dawa. Nesi amemwambia haambukizi tena, lakini barakoa hataki kuivua. Viti viwili kutoka kwake amekaa Jocelyne, mwimbaji, amempakata binti yake Victoire, miaka miwili.

"Papa Lambert, acha kutikisa mguu," Jocelyne anamwambia. "Unanipigia ngoma kichwani."

"Eish, pardon, mama."

Lambert ana miaka 52, mzaliwa wa Lubumbashi. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mlinzi wa geti ugenini, katika mtaa wa Observatory. Jumapili ni kiongozi wa bendi ya bluzi, na anapiga harmonika, kinanda kidogo cha mdomo.

"Bluzi iko kwenye kuvuta," anasema. "Anayejua kupuliza tu, huyo anabembeleza watoto. Unavuta hewa mpaka sauti inapinda, inalia. Sasa nikivuta, kifua kinachoma. Naogopa hata kuigusa harmonika."

Kikohozi kilianza Machi. Alidhani ni cha kazi, koo la mtu anayeshinda akivuta hewa kupitia chuma. Akaendelea na mazoezi katika karakana ya fundi cherehani huko Doornfontein: watu watano, kwa muda wa saa tatu kila Jumapili, madirisha yote yamefungwa.

Mwaka jana watu wenye fimbo walipita mtaa ule wakigonga milango na kuwadai wageni vibali vya kuishi nchini. Tangu siku hiyo Lambert aliamuru madirisha yafungwe na kuzibwa kwa mablanketi, Kiswahili kisisikike barabarani.

"Niliogopa watu wa nje," anasema. "Kumbe ugonjwa ninao mimi, humo ndani."

Mahmoud, mpiga ngoma kutoka Tanga, anaumwa pia. Kwenye simu anaanza kwa kucheka: "Mzee alitufunika kama pilau! Nilimwambia fungua kidogo tupumue, akasema nikipigwa nisimlilie." Kisha sauti inashuka. "Mke wangu kikombe changu anakiosha mbali na vingine."

Mgonjwa mwingine ni Jocelyne. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo wakati wa mazoezi Victoire alilala juu ya marobota ya vitambaa, hatua mbili kutoka mdomo wa Lambert.

Nesi anaita jina la mtoto. Picha ya kifua iko tayari. Jocelyne anaingia naye. Lambert anabaki ameinama, viganja magotini, kwa dakika kumi na moja.

Jocelyne anatoka na karatasi na boksi la vidonge.

"Anao."

Lambert anafungua mdomo.

"Usiseme kitu, Papa. Nishikie begi tu."

Mpaka leo wagonjwa ni wanne, mmoja wao bado ananyonya. Lambert amepungua kilo tisa. Maonyesho saba yamefutwa. Mpiga gitaa na mpiga besi, ambao vipimo vyao vilikuwa safi, hawapokei tena simu zake. Pafu lake la kushoto lina kovu, na daktari amemwambia kovu hilo halitatoka.