Nilikifungia Chuoni Kihamba cha Dada Yangu

Ndugu zangu, mimi ni mwizi. Sikuvunja mlango wala sikumpora mtu njiani, ila nilimwibia dada yangu wa tumbo moja, tena kwa kalamu. Jambo hili limenikaa kooni miaka, leo nalitapika. Mkitaka kunitukana, nitukaneni tu!

Marehemu baba alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Makanisa, shule na maghala mengi ya kahawa upande wetu wa mlima yalianzia mezani kwake. Alipofariki aliacha sanduku la bati limejaa michoro, barua na daftari. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa. Sanduku likawa langu.

Nikalipekua. Jamani, heri ningekuwa kipofu siku ile! Ndani ya bahasha moja kulikuwa na ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, ya kujengwa upande wa chini wa kihamba, kule mfereji unakopita. Nyuma yake baba ameandika kwa mkono wake kwamba sehemu ile ni ya binti yake, na asibughudhiwe na mtu.

Dada alikuwa ameachika, amerudi nyumbani na watoto watatu, wanalala jikoni. Na kule chini ndiko kwenye migomba na kahawa nzuri kuliko kote. Roho ikaniuma. Binti apewe kihamba? Tangu lini?

Ningeichoma ile karatasi. Lakini kwetu kuchoma maandishi ya mzazi aliyekufa ni kujitafutia laana, nami nilikuwa naogopa laana kuliko dhambi.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi ndio wameanza kupandisha magari yao kufuata kahawa, akaja mwalimu mmoja wa chuo kikuu. Akasema wanakusanya michoro ya zamani na karatasi za familia ili zisiliwe na mchwa, na kwamba mwenye kutoa anaruhusiwa kuweka masharti. Masharti! Nikaona Mungu kanijibu.

Nikampa sanduku zima. Ramani za makanisa wazisome wanaotaka, ila bahasha ile ifungwe miaka hamsini, asiione mtu. Kisha nikajiwazia: moyo wangu mwepesi, Dada akinililia nitalegea.

"Andika hata mimi nisiruhusiwe," nikamwambia, "na sharti hili nisiweze kulifuta."

"Una uhakika, kaka?"

"Wewe andika!"

Nikasaini.

Kwenye kikao cha ukoo Dada alisimama, akasema baba alimwahidi pale chini. Baba mkubwa akanigeukia. "Sanduku unalo wewe. Mzee aliandika neno?" Nikajibu hapana, hakuandika. Nilisema vile nikiwa nimeshika kata ya mbege ya ukoo, pombe ya ndizi ya kuapia! Dada hakulia. Alifunga mizigo yake, akashuka Chekereni, kule tambarare, kufanya kibarua kwenye mpunga wa watu.

Misimu ya kwanza nilivuna na kuchekelea. Kisha malaria ya kule ikamchukua binti yake wa pili. Akazikwa hukohuko, kwenye makaburi ya watu wote, kwa sababu mama yake hana hata mgomba mmoja wa kumlaza mwanawe chini yake. Nilisimama pale kaburini nikashindwa kumwangalia usoni. Ilinimaliza.

Nikaitisha kikao, nikakiri yote, nikasema namrudishia sehemu yake. Mnadhani walinisikiliza?

"Juzi uliapa haipo, leo unasema ipo," akasema baba mkubwa. "Watoto wake ni wa ukoo mwingine. Kihamba si shati lako, uvue umpe umtakaye. Wa kutamka ni mzee, na mzee amekufa. Lete karatasi."

Nikapanda basi hadi chuoni. Mama anayetunza nyaraka alinipokea vizuri. Alinitandazia mezani ramani za kanisa letu, nikazishika. Bahasha ile niliiona kwa macho yangu, imezungushiwa utepe, mwandiko wa baba juu yake. Nikaomba, nikapiga magoti. Akaniwekea mbele fomu yenye saini yangu.

"Nikikufungulia wewe, kesho nani atatuamini?" akasema. "Uliomba mwenyewe, baba."

Nimewaandikia wakubwa wake mara tatu. Majibu ni yaleyale. Siku bahasha ikifunguliwa, mimi na Dada tutakuwa tumeshaoza.

Mwezi uliopita nilikata tawi la isale, mmea ule tunaoupanda mipakani, nikateremka Chekereni. Kwetu ukipelekewa isale hukatai kusamehe. Nikapiga magoti mlangoni pa chumba anachopanga.

"Shikamoo, dada."

Akaitikia, akalipokea tawi kwa mikono miwili. "Aika, asante, mdogo wangu. Nimekusamehe."

Akaligeuzageuza, akatazama ule uchochoro wa saruji mbele ya chumba chake. "Sasa nionyeshe pa kulipanda."

Mpaka naandika haya, sijapata pa kumwonyesha!

Nyinyi mnaokalia masanduku ya wazazi wenu, nawaombeni. Yafungueni ndugu zenu wote wakiwepo, msome kwa sauti kila karatasi, na hasa ile inayowachoma, kabla hamjajifanya wajanja kama mimi.