Siku Nyukliasi Ilipofungiwa Nje ya Seli

Kuna wazee wa kanisa letu ambao mpaka leo wakinipigia simu huuliza kwanza kama niko ndani ama niko nje, halafu wanacheka mpaka simu inakatika, kwa hivyo afadhali niitoe mwenyewe hii aibu, maana wao wanaongeza chumvi na kusema nilikuwa bila suruali. Suruali nilikuwa nayo. Ilikuwa imeraruka tu.

Mimi naitwa Nyaga, na kila unachoona kwangu huku juu ya mji wa Embu, kinu cha kusaga mahindi, tangi la maji, kahawa, nyumba ya mawe, nilikitafuta kwa mikono hii (shule niliiacha kabla ndevu hazijaota, na sijaona nilichokosa huko). Mjukuu wangu Wanja, anayeniita Guka na mke wangu Cucu, anaishi nasi tangu akiwa mdogo. Ana akili, lakini ukimsimamisha mbele ya watu sauti inapotea. Mama yake, binti yangu anayekaa mtaa wa Dallas pale mjini Embu, alikuwa ameshasema: Wanja akishindwa tena kueleza kazi yake ya sayansi mbele ya darasa, anampeleka shule ya bweni mbali akakomae. Na mimi nyumba bila huyo mtoto siiwezi. Hiyo sikumwambia mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa kueleza sehemu za seli ya mmea kwa mifano. Nikamkuta jikoni anakariri, seli ni kama kiwanda, meneja wa kiwanda, mlinzi wa kiwanda. Nikamuuliza, "Wewe kiwanda umekiona wapi?"

"Kwa kitabu, Guka."

"Basi wacha kitabu. Seli ni hii boma yangu."

Hapo ndipo nilipojiponza. Nikampangia mwenyewe, yeye akinisomea majina: ua wa kayaba ndio ukuta, maana una miiba na umesimama imara, geti ndilo utando, linachagua nani aingie, tangi ndilo vakuoli, linaweka maji, majani ya kahawa ndiyo kloroplasti, yanapika chakula kwa jua, injini ya kinu ndiyo mitokondria, inatoa nguvu. "Na nyukliasi, anayeamuru?" akauliza. Nikamtazama tu (nani mwingine?). Mke wangu, aliyekuwa akimenya viazi, akakohoa.

Tena sikutosheka. Shule imepakana na shamba langu, nikaenda kwa mwalimu wake nikamwambia alete darasa lote waone seli kwa macho, akakubali, habari ikafika kanisani, na siku hiyo wakaja hata watu ambao sikuwaita. Nikavaa koti la Jumapili.

Mwanzo ulienda vizuri, isipokuwa aliyekuwa akieleza ni mimi. Wanja alisimama getini akitazama viatu vyake. Mwalimu akaniambia kwa heshima, "Mzee, maksi ni za Wanja." Nikaona nimpe kazi isiyotaka maneno mengi. Nikasema mbele ya wote, "Wewe ni utando. Mimi natoka nje nijifanye sumu. Usinifungulie hata nikikuamuru, mpaka nije na kitu ambacho seli inahitaji." Mpango ulikuwa nirudi na gunia la mahindi begani, niingie kama chakula, watu wapige makofi.

Nikatoka. Komeo likaingia. Nikabisha kama sumu, nikafukuzwa, watoto wakacheka vizuri, nikageuka nichukue gunia. Gunia lilikuwa ndani, limeegemea kinu.

"Wanja, fungua."

"Umebeba nini, Guka?"

"Sijabeba kitu, gunia liko huko kwenu!"

"Basi wewe bado ni sumu."

"Mimi ndiye nyukliasi! Fungua!"

"Ulisema hata ukiniamuru."

Mtu mwingine angekaa kwenye jiwe angoje. Mimi sijengi boma halafu nizuiwe kuingia. Kuna tundu kwenye ua ambapo mbwa wetu hupita, nikainama hapo. Sasa kayaba, kama hujui, mwiba wake huingia kwa urahisi na kutoka unakataa. Kichwa kikapita, mabega yakapita, koti likashikwa mgongoni, suruali ikashikwa nyuma, nikakwama hivyo, uso ndani ya seli na makalio nje barabarani, ambako wapita njia walianza kuyasalimia.

Nikangoja kazi za boma zisimame bila mimi. Hazikusimama. Mke wangu akawasha injini (ile nimesema miaka yote haiwaki bila mkono wangu) ikashika mara moja. Akasaga mahindi yangu. Akagawa chai na viazi vitamu. Mzee mmoja wa kanisa akaniletea kikombe, akakiweka mahali ambapo mkono wangu haufiki.

Mwalimu akauliza, "Wanja, nyukliasi iko nje. Seli itakufa?"

Wanja akatazama viatu vyake tena. Nikajua sauti imepotea na mtoto ameenda bweni. Nikafungua mdomo nimsaidie.

"Guka, nyamaza."

Hakuna mtu hunyamazisha mimi kwangu. Nilinyamaza. Na yeye akaongea mpaka ikasikika barabarani: "Haitakufa leo, Mwalimu. Hata kwa damu yetu seli nyekundu zikikomaa hutoa nyukliasi yao, na bado zinabeba oksijeni mwili mzima. Lakini zikiharibika haziwezi kujirekebisha, na haziwezi kuzaa zingine. Kwa hivyo tutasaga mpaka injini iharibike. Siku hiyo tutamhitaji Guka." Kisha akaninyooshea kidole. "Na ukuta hauchagui mtu, kazi yake ni kusimama imara. Anayechagua ni utando. Angerudi kwa utando."

Makofi niliyopanga yakapigwa, na hayakuwa yangu. Mke wangu akaja na panga ya kukata miiba, akainama. "Chakula ama sumu?"

"Chakula," nikasema.

Akageuka getini. "Wanja?"

"Mwache aingie, Cucu."

Jioni binti yangu alipiga simu, ameshasikia yote, na habari ya bweni hakuitaja tena. Muhula huu Wanja anaeleza darasani moyo unavyofanya kazi na nimeambiwa nitakaa chini nisikilize. Nimeapa sitapita kwa ua tena hata nyumba ikiungua. Kila asubuhi akienda shule ananikuta nimesimama getini, ananiuliza leo nimebeba nini, na mimi, Nyaga, nanyamaza na kumfungulia.